Blanketi la Pili

Kazini walimwita Mama Hesabu, na usidhani alikuwa mwalimu. Alikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, mwaka wake wa kumi na moja, na kazi yake kubwa ilikuwa kuhakikisha kwamba kila kilichoingia karibu na mgonjwa kimetoka. Kabla kisu hakijagusa ngozi, yeye na mwenzake husimama mbele ya meza ya vyombo, na kuhesabu kwa sauti: mikasi sita, koleo nane, sindano nne, vitambaa vya shashi thelathini. Mmoja anaita, mwenzake anaitikia. Kabla jeraha halijashonwa, wanaita tena. Hesabu isipotimia, jeraha halifungwi. Daktari awe amechoka, awe na wageni nyumbani, atasimama hapo hapo na glavu zake mpaka kitambaa kipatikane. Wapo madaktari waliomwona kuwa kero, lakini hakuna hata mmoja aliyethubutu kushona kabla ya kumsikia akisema "imetimia."

Kulikuwa na sheria nyingine, ya vifurushi. Vyombo vikishaoshwa hufungwa kwa kitambaa cha kijani na kubandikwa utepe ambao mistari yake hugeuka myeusi ukipita kwenye mtambo wa mvuke. Ukiona mistari myeusi na utepe haujachanwa, ujue ndani ni safi, usiguse mpaka uambiwe. Kifurushi kikishafunguliwa hakirudishwi kabatini. Ama kinatumika, ama kinaanza upya kwenye karai la kuoshea. Haya Mama Hesabu aliyajua kama anavyojua njia ya jikoni kwake.

Sasa mtu wa namna hiyo mpe nyumba, mpe watoto, halafu mwambie akabidhi vyote kwa mgeni. Utaona.

Mgeni alifika Jumatano saa nne asubuhi, mkoba mmoja wa bluu begani, akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu bila kuhema. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na minne, mrefu kiasi cha kuinama mlangoni. Aliyemfungulia ni binti mkubwa wa nyumba, mwenye miaka sita, ambaye baba yake alimpa jina la Wakili kwa sababu hajawahi kupewa adhabu asiikatie rufaa. Wakili alianza kumtazama miguuni, akachelewa kufika usoni, kisha akageuka kuwatangazia walioko ndani.

"Amekuja. Huyu ni Dada Mrefu."

Basi, jina likawa hilo.

"Shikamoo bibi," mgeni alimwambia mwanamke mzee aliyekuwa akikunja nepi kwenye kochi.

"Marahaba, mwanangu. Mgeni njoo, mwenyeji apone." Bibi akainuka kwa kushikilia magoti yake yote mawili, akampokea mkoba. "Na mwenyeji mwenyewe, nakwambia, anahitaji kupona."

"Mama!" Mama Hesabu alisema kutoka jikoni.

"Nimesema methali tu. Methali nazo zinahitaji ruhusa?"

Bibi alikuwa mama mzazi wa Mama Hesabu. Alikuja siku mtoto mdogo alipozaliwa, akiwa amebeba nguo za wiki mbili, na sasa mwezi wa saba ulikuwa unakwisha. Asingeweza kukaa zaidi. Babu alikuwa ameanguka bafuni na kuvunjika nyonga, na jirani aliyekuwa akimwangalia alishaanza kupiga simu za kulalamika. Jumamosi ya wiki iliyofuata Bibi angepanda basi, liwalo na liwe. Baba wa nyumba alikuwa fundi wa nyaya za umeme, mtu wa kukaa porini wiki tatu na nyumbani siku nne. Na mkuu wa wauguzi alikuwa ameongeza likizo ya Mama Hesabu mara mbili, mara ya tatu alisema, bila ukali, lakini bila kucheka pia, "Jumatatu usipokuja, nafasi yako nampa mwingine."

Kwa hiyo kila kitu kilimtegemea Dada Mrefu. Akikaa, mama anarudi kazini. Akiondoka, kazi ya miaka kumi na moja inaondoka naye. Na walishaondoka wawili kabla yake: wa kwanza alikaa siku tisa, wa pili hakumaliza hata chai.

Sababu ya wawili hao kuondoka ilikuwa ile orodha.

Mama Hesabu aliibandika ndani ya mlango wa kabati la mtoto, kwa mwandiko wa hospitali usiopinda. Alimsimamisha Dada Mrefu mbele ya kabati, akasimama kando yake, akaanza.

"Kofia, nne."

Dada Mrefu akatikisa kichwa kwamba ameelewa.

"Hapana. Unahesabu, halafu unaitikia. Kofia, nne."

Dada Mrefu akazihesabu kwa kidole. "Nne."

"Soksi, jozi sita."

"Sita."

"Chupa za maziwa, tatu. Kijiko cha dawa, kimoja."

Wakili alivutiwa na mchezo huo, akaja kuitikia naye, tena kwa sauti ya juu kuliko wote. Lakini uso wa Dada Mrefu ulikuwa umekunjamana. Walipofika kwenye vijiko vya kulia uji, akaacha kuitikia.

"Samahani, Mama Wakili," alisema, akimwita kwa jina la mtoto wake kama heshima inavyotaka. "Naomba niseme. Nyumba niliyotoka walinipekua mlangoni siku naondoka, mbele ya watoto niliowalea miaka mitatu. Mpaka nguo za ndani walizikung'uta. Kama ni hivyo, ni afadhali niondoke sasa hivi, sijafungua mkoba."

Mama Hesabu alishtuka kwa dhati. Kwa miaka kumi na moja hajawahi kufikiri kwamba kuhesabiwa kunaweza kumuuma mtu. Akamweleza habari za meza ya vyombo, mwenye kuita na mwenye kuitikia.

"Sihesabu kwa sababu nakushuku. Nahesabu ili wewe na mimi tuwe tumeona kitu kimoja. Siku kitu kikikosekana tukitafute pamoja, nisikulaumu na wewe usinilaumu. Mimi mwenyewe nahesabiwa kila siku ya kazi."

Dada Mrefu akanyoosha kidole tena. "Vijiko vya uji, vinne."

Bibi kule kwenye kochi akashusha pumzi.

"Mashuka, matano."

"Matano."

"Mablanketi." Mama Hesabu akasita, akaisoma karatasi kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine. "Mawili."

Dada Mrefu akatazama. Blanketi la njano lenye ukingo mweupe lilikuwa rafu ya juu. Rafu ya chini kabisa, nyuma ya mashuka, kulikuwa na kitu kilichofungwa kwa kitambaa cha kijani. "Na lile ndani ya kitambaa?"

"Ndilo la pili."

"Mawili," Dada Mrefu akaitikia.

Mikono ya Bibi ilikuwa imeganda juu ya nepi. Alimtazama binti yake. Mama Hesabu alishafika kwenye taulo.

Nikueleze sasa, maana msomaji hana kosa hata afichwe. Miezi saba nyuma Mama Hesabu alijifungua mapacha kabla ya wakati wao. Wa kwanza alikuwa binti, akalia mpaka wakunga wakacheka. Huyo ndiye huyu aliyeitwa Tarumbeta, na hajanyamaza vizuri mpaka leo. Wa pili alikuwa mvulana, na hakulia. Walimweka kwenye kisanduku cha joto, akaishi saa kumi na moja, akaenda zake alfajiri mama yake akiwa kalala na dripu mkononi. Baba na ndugu zake wakazika bila mama, kwa sababu mama hakuweza kusimama. Yale mablanketi mawili ya njano, yaliyonunuliwa siku moja duka moja, yalirudi nyumbani yote mawili. Mtoto alirudi mmoja.

Alipotoka hospitali aliwaomba mumewe na mama yake jambo moja: tusilizungumze. Wakakubali. Neno "pacha" likahama nyumba ile. Wakili, aliyekuwa ameahidiwa wadogo wawili, aliuliza mara moja tu, "Na yule mwingine?" Mama yake akaenda jikoni akafungua bomba mpaka mwisho, ili maji yazidi sauti ya kilio chake. Wakili hakuuliza tena, na kwa mtoto asiyewahi kukubali hukumu, hilo halikuwa jambo dogo.

Siku Mama Hesabu alipokwenda kuomba nyongeza ya likizo, alilibeba blanketi la pili mkobani, limefungwa kwa kitambaa cha kijani. Mzee wa mtambo wa mvuke alilipitisha pamoja na vifurushi vya siku hiyo. Mistari ikawa myeusi. Mzee hakuuliza, Mama Hesabu hakueleza, na kifurushi kikaenda kukaa rafu ya chini. Alipokuja kuandika orodha, mkono wake uliozoea kuandika kilichomo ukaandika kilichomo.

Jumatatu akarudi kazini. Alitoka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, akarudi mara mbili kutoka kwenye ngazi: mara ya kwanza kusema dawa ya matone iko wapi, mara ya pili kusema amesahau alichotaka kusema.

"Nenda, mwanangu," Bibi alimwambia. "Tarumbeta hatapasuka."

Wala hakupasuka. Mtoto huyo alikuwa hataki chupa. Alikuwa ameikataa kwa mama, kwa bibi, na kwa baba yake aliyejaribu kumdanganya kwa kuvaa gauni la mama. Dada Mrefu aligundua siku ya pili kwamba shida ni uso: akiona uso wa mtu anataka kifua cha mtu. Akamgeuza, mgongo wa mtoto kifuani kwake, wakawa wanatembea koridoni wakitazama mbele kama abiria wawili, na chupa ikaisha. Jioni Mama Hesabu aliporudi aliambiwa habari hiyo na Wakili, pamoja na vielelezo. Alikwenda chooni akalia kidogo kwa furaha, na kidogo kwa lile jambo jingine ambalo kila mama anayeachia chupa analijua.

Na kila jioni walihesabu. Ilishageuka desturi. Mama Hesabu akivua viatu tu, Dada Mrefu anamwambia kutoka jikoni, "Kofia nne, chupa tatu, kijiko kimoja, Tarumbeta mmoja, Wakili mmoja na nusu." Na Mama Hesabu anaitikia, "Imetimia." Siku ya tatu alicheka. Bibi aliusikia mcheko huo akiwa kibarazani anaanua nguo, akasimama na kibanio mkononi mpaka ulipoisha.

Kisha ikaja Alhamisi, na mvua.

Ilianza asubuhi, haikukatika. Kibarazani nguo hazikukauka. Tarumbeta alikuwa na mafua, na saa saba akatapika maziwa yote kwenye blanketi lake na kwenye shuka la juu. Dada Mrefu akamvua, akamfuta kwa maji ya uvuguvugu, akamvika fulana. Mtoto alikuwa anatetemeka. Bibi alikuwa ameshuka dukani, na Wakili yuko shule. Dada Mrefu akafungua kabati, na mlangoni pale orodha ikamwambia kama alivyofundishwa: mablanketi mawili. Akapiga magoti, akatoa kifurushi cha kijani, akachana utepe.

Saa tisa na nusu Mama Hesabu alisukuma mlango, mwavuli ukidondosha maji. Bibi na Wakili walikuwa mezani. Dada Mrefu alikuwa kwenye kochi, Tarumbeta amelala kifuani kwake, na juu ya Tarumbeta kulikuwa na blanketi la njano ambalo mikunjo yake ya kabatini ilikuwa bado inaonekana. Kitambaa cha kijani kilikuwa sakafuni. Utepe ulikuwa umechanwa vipande viwili.

Hasira hasara, wanasema, lakini wanasema baadaye. Mama Hesabu alilivuta blanketi kwa nguvu mpaka mtoto akapinduka, na Tarumbeta akaamka akilitendea haki jina lake.

"Nani amekwambia ufungue?"

"Mama Wakili, lile jingine limetapikiwa, na orodha—"

"Nani amekwambia?"

Akafungua milango yote ya kabati. Akatoa kila kitu, akakitupa mezani, na huku analia akawa anahesabu peke yake, kwa sauti ya kazini. Kofia nne! Soksi jozi sita! Chupa tatu! Hapakuwa na wa kuitikia. Wakili alikuwa ameshika ukingo wa kiti. Dada Mrefu alisimama ukutani na mtoto begani, akisubiri. Mama Hesabu alipofika kwenye vijiko, Dada Mrefu akasema taratibu:

"Mkoba wangu uko nyuma ya mlango. Anza na huo."

Mama Hesabu angeweza kusema neno moja tu hapo, na neno lenyewe lilikuwa "hapana." Hakulisema. Alikaa sakafuni na blanketi mapajani, akalifunga kwa kitambaa cha kijani, akajaribu kuubandika utepe uliochanika. Haukushika.

"Kesho ukirudi kutoka kazini, mimi nitaondoka," Dada Mrefu akasema. "Siwezi kumwacha Bibi peke yake na watoto kabla hujafika."

Jioni ile ile, kabla taa hazijawashwa, Bibi alimfuata binti yake kibarazani.

"Msichana kakosa nini?"

"Mama, naomba."

"Nakuuliza. Kakosa nini? Wewe umemwitia mablanketi mawili, naye akaitikia mawili. Mablanketi umemkabidhi. Mwenye blanketi hukumkabidhi."

"Si mlikubali tusiseme?"

"Tulikubali kwa kuwa ulikuwa kitandani. Nani angekukatalia? Sasa umesimama, unakwenda kazini, na sisi bado tunatembea kwa kunyata humu ndani kama wezi. Mficha maradhi, kifo humuumbua." Bibi akafuta uso kwa kiganja. "Na mimi alikuwa mjukuu wangu. Mimi nilimshika. Wewe hujawahi hata kuniuliza alikuwa mzito kiasi gani."

Mama Hesabu alitazama ukuta wa jirani mpaka Bibi alipoingia ndani.

Ijumaa upasuaji wa kwanza ulikuwa wa mwanamke mwenye uvimbe tumboni. Hapakuwa na tatizo lolote mpaka uvimbe ulipotoka na daktari akaomba uzi. Mwenzake Mama Hesabu siku hiyo alikuwa muuguzi mzee aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, mwanamke wa maneno machache. Mama Hesabu akaita, mikasi sita, mwenzake akaitikia. Koleo nane, zikaitikiwa. Wakafika kwenye vitambaa vya shashi.

"Ishirini na tisa."

Mwenzake hakuitikia. "Tuliingia na thelathini. Rudia."

Akarudia. Ishirini na tisa. Daktari akainua mikono, sindano ikabaki inaning'inia kwenye koleo. Wakatafuta chini ya meza, ndani ya ndoo, kwenye mikunjo ya shuka. Mashine iliendelea kupiga mlio wake wa mapigo ya moyo. Mama Hesabu alipiga magoti akiangaza sakafuni kwa tochi, na akausikia mdomo wake ukisema kile ulichokisema mara elfu: "Hatufungi. Hatufungi mpaka iitwe." Akabaki amepiga magoti. Maana alijua, pale pale, tochi mkononi, kwamba nyumbani kwake kuna hesabu ambayo haijaitwa hata siku moja, na kwamba yeye ndiye aliyewakataza watu wasiiite, halafu akawa anashangaa kwa nini bado panauma.

Kitambaa kilikuwa kimenata chini ya kiti cha daktari wa usingizi. Dakika kumi na nne zilikuwa zimepita. Akaita thelathini, mwenzake akaitikia thelathini, jeraha likafungwa. Nje, penye masinki, yule muuguzi mzee alisugua mikono yake taratibu kuliko kawaida.

"Kile kitambaa kilianguka mbele ya macho yako, Mama Hesabu. Ulikuwa unakitazama na hukukiona."

"Najua."

"Basi leo wewe mwenyewe hujatimia. Nenda nyumbani. Nitamwambia mkuu unaumwa. Siyo uongo."

Alifika nyumbani saa sita. Mkoba wa bluu ulikuwa tayari penye mlango, zipu imefungwa, na juu ya mkoba amekaa Wakili, ambaye siku hiyo aligoma kwenda shule, mikono ameikunja kifuani.

"Nimeuzuia," alisema. "Hautoki mpaka kesi isikilizwe."

"Nimembembeleza ashuke, hataki," Dada Mrefu alisema kutoka sebuleni. Alikuwa amevaa viatu vya safari. Tarumbeta alikuwa mgongoni kwake, shavu limelala begani. "Umewahi kurudi."

"Nimerudishwa." Mama Hesabu akaweka pochi mezani. Hakuvua koti. "Dada, kabla hujaondoka nina makabidhiano. Yale ya kwanza niliyafanya vibaya. Naomba unisikilize, halafu utakaloamua ni haki yako."

Bibi alikuwa mlangoni mwa jikoni, sufuria mkononi. Hakuiweka chini.

"Simama hapa," Mama Hesabu alisema, na Dada Mrefu akasogea, akasimama kando yake kama siku ile, ingawa mbele yao safari hii hapakuwa na kabati wala orodha.

"Watoto," Mama Hesabu akaita. Sauti ya kazini ilimtoroka. Akaanza upya. "Watoto. Watatu."

Dada Mrefu hakuitikia. Macho yake yalikwenda kwa Wakili, yakaja begani kwake mwenyewe. Alikuwa msichana makini, haitikii asichokiona.

"Ni watatu, Dada Mrefu," Wakili alisema kutoka juu ya mkoba, polepole. "Mimi kila ukihesabu jioni huwa nasema watatu. Lakini nasema moyoni, ili mama asisikie."

Kumbe mtoto wa miaka sita alikuwa amebeba peke yake kile ambacho watu wazima watatu walikuwa wamekikimbia. Mama Hesabu alitamani kwenda kumkumbatia, lakini aliogopa kwamba akiacha sasa hataanza tena.

"Binti mmoja, miaka sita," alisema. "Yuko juu ya mkoba."

"Mmoja," Dada Mrefu akaitikia.

"Binti mmoja, miezi saba. Yuko mgongoni kwako."

"Mmoja."

"Mwana mmoja. Pacha wa huyo. Aliishi saa kumi na moja." Machozi yalikuwa yanashuka na hakuyafuta. "Sikumshika. Bibi yake ndiye aliyemshika. Lile blanketi ni la kwake. Hukuiba kitu wala hukuharibu kitu. Mimi ndiye niliyekukabidhi nyumba nusu, halafu nikakulaumu kwa nusu nyingine. Nisamehe."

Dada Mrefu akapeleka mkono nyuma, akamshika mtoto mguu.

"Mwana mmoja," akaitikia. "Saa kumi na moja."

"Watoto watatu."

"Watatu."

Sufuria ilikuwa imeshawekwa chini. Bibi alikuja akamshika binti yake mkono, akamwambia bila kuulizwa, "Alikuwa mzito kama mkate. Mkate ule mdogo." Mama Hesabu akaitikia kwa kichwa, tena na tena, kama mtu anayepokea maelekezo ya dawa.

Blanketi lilikuwa kwenye kamba kibarazani. Dada Mrefu alikuwa amelifua asubuhi, peke yake, mbali na nguo nyingine. "Nilitaka nilirudishe kama lilivyokuwa," alisema. "Nimejaribu na ule utepe. Haushiki."

"Haurudi. Kikishafunguliwa hakirudi kabatini." Mama Hesabu akatoka kibarazani, akalianua, akaligusa shavuni kuona kama limekauka. Lilikuwa kavu, linanukia sabuni tu. Akarudi nalo ndani, akalikunjua, akamfunika nalo Tarumbeta pale pale mgongoni, akaziingiza ncha zake chini ya mikono ya mtoto. "Acha litumike."

Walisimama hivyo, mrefu na mfupi, mtoto katikati. Kisha Dada Mrefu akauliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliuliza katika nyumba ile, wala baba wa mtoto, wala Bibi, kwa sababu kila mmoja alidhani jibu halipo.

"Alikuwa na jina?"

Alikuwa nalo. Mama yake alimpa kimoyomoyo akiwa bado na dripu mkononi, na hakuwahi kumwambia mtu. Akalitaja. Na Dada Mrefu, kama alivyofundishwa, akaliitikia kwa sauti, herufi zote, kisha akageukia mlango.

"Wakili," alisema, "shuka juu ya mkoba wangu. Aproni yangu imo ndani, na nyinyi hamjala."